Uchambuzi wa kisa: mkeka wa matokeo uliopotea wakati kila mtu ana linki

Majina ya watu na ya shule nimeyatoa, pamoja na kila kitu kinachoweza kumfanya mtu aseme "aaah hii ni ya kwetu". Waliobaki ni Mwalimu B aliyeanzisha mfumo, Madam wa taaluma, sekretari, Mkuu, na walimu wengine kwa ujumla wao. Mimi niliitwa kusaidia mambo yalipokuwa yameshaharibika, kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeipata kwa kuwauliza wenyewe na kwa kuangalia historia ya mafaili yaliyobaki.

Hali ilivyokuwa

Shule ya sekondari ya kutwa, chumba kimoja cha kompyuta, intaneti ya bando kwenye kirauta kidogo kinachofungiwa ofisini. Bajeti ya TEHAMA haikuwepo kabisa. Kabla ya Mwalimu B matokeo yalikuwa yanatengenezwa hivi: kila mwalimu anaandika alama kwenye daftari lake, anamkabidhi mwalimu wa darasa karatasi, mwalimu wa darasa anajumlisha kwa kikokotoo, halafu sekretari anachapa upya yote kwenye kompyuta ya ofisi. Alama moja inanakiliwa mara tatu na mikono mitatu tofauti, sasa hapo makosa lazima yawepo, na kila muhula walikuwepo wazazi wanaokuja kulalamika na wengine wana haki kabisa.

Mwalimu B alikuja kijana, anapenda kompyuta, akaona hiyo kazi ni mateso ya bure. Akafungua Google Sheets, programu ya majedwali ya mtandaoni, kwa akaunti yake mwenyewe ya Gmail, ile ile anayotumia na simu yake, akatengeneza kitabu kimoja chenye ukurasa wa kila darasa, fomula za jumla, wastani na nafasi. Walimu wanaingia kwa linki wanajaza somo lao. Baadaye akaongeza Google Forms, yaani fomu za maswali, kwa majaribio mafupi ya darasani ambayo yanajisahihisha, na folda ya Drive, hifadhi ya mafaili ya Google, ya notsi, mitihani iliyopita na video za majaribio ya maabara alizokuwa anarekodi kwa simu. Vyote bure, na vilifanya kazi vizuri sana, hili lisemwe wazi kabisa maana baada ya matatizo kuna waliosema "si tuliwaambia kompyuta hazifai". Mkeka, yaani jedwali la matokeo ya darasa zima, ambao ulikuwa unachukua siku kadhaa ukawa unatoka jioni ile ile alama za mwisho zinapoingia.

Ila kuna mambo mawili yalifanyika siku ya kwanza na hakuna aliyeyafikiria. Moja, kila faili mmiliki wake alikuwa ni akaunti binafsi ya Mwalimu B. Pili, linki iliwekwa kwamba yeyote aliye nayo anaweza kuhariri, kwa sababu baadhi ya walimu walikuwa wamesahau pasiwedi za Gmail zao na wengine hawajui kama wanayo, so ikaonekana ndo njia rahisi ya kuwaingiza wote.

Dalili iliyopuuzwa

Muhula mmoja kabla ya tatizo kubwa, binti anayeongoza darasa kila mara akaonekana ana 19 ya hisabati, na mwingine ambaye hata yeye mwenyewe anajijua akawa na 91. Kilichotokea ni kwamba mtu alibofya kichwa cha kolamu ya hisabati akaipanga kuanzia kubwa kwenda ndogo, kolamu hiyo peke yake. Majina yakabaki yalipo, alama zikahama. Kwa macho hauoni kitu, kolamu imejaa, jumla zinatoka, nafasi zinatoka, kila kitu kinaonekana kipo sawa isipokuwa kwamba alama za darasa zima ni za watu wengine.

Mwalimu B aliingia kwenye historia ya matoleo, pale Sheets inapotunza hali za nyuma za faili, akarudi kwenye toleo la kabla ya hapo, dakika chache kazi imeisha. Alipotaka kujua ni nani, haikuwezekana, maana anayeingia kwa linki bila kujitambulisha anaonekana tu kama mgeni asiye na jina, kule juu ya skrini anapewa picha ya mnyama. Stafu nzima ilikuwa wanyama. Wakacheka, wakaendelea. Hapo ndo pangetakiwa kusimama kidogo, kwa sababu lile tukio lilionyesha kwamba mtu pekee mwenye uwezo wa kuokoa ule mfumo ni mmoja, na alikuwa anaufanya kama upendeleo tu, haukuwa kwenye majukumu yake.

Mtiririko wa tukio

Mwalimu B akapata kazi sehemu nyingine. Makabidhiano yalifanyika kwa karatasi, zikasainiwa: funguo za chumba cha kompyuta, projekta, idadi ya kompyuta nzima na mbovu, waya. Akaunti, mafaili, linki, hakuna hata mstari mmoja. Sio kwamba alikataa, hakuulizwa, na yeye aliona kila mtu ana linki kwa hiyo vitu "wanavyo".

Mwisho wa muhula uliofuata walimu wakaanza kujaza alama na kitabu kikagoma. Kinafunguka, kinasomeka, ila hakikubali kuandika. Wengine wakadhani ni bando, wakazima na kuwasha kirauta, wengine wakasema Mwalimu B katufungia. Kumbe ni nafasi. Akaunti ya bure ya Google inatoa GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos kwa pamoja. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zinazopandishwa Photos zinahesabiwa, na mafaili mapya ya Docs na Sheets pia yanahesabiwa. Akaunti ikizidisha kiwango haipokei kitu kipya, na mafaili ya mwenye akaunti hayahaririwi na yeyote mpaka apunguze. Kwa hiyo picha za simu ya Mwalimu B, za maisha yake huko alikohamia, ndizo zilizowazuia walimu wa shule aliyoiacha kuingiza alama za wanafunzi. Walikuwa wamejenga kwenye kiwanja cha mtu.

Madam wa taaluma akampigia simu. "Mwalimu wangu, mkeka umegoma huku, tusaidie." Jamaa akasema poa Madam, nasafisha leo leo. Akaingia kwenye Drive, akafuta video, akafuta na folda aliyoiita SHULE ZAMANI akijua ni mambo yaliyopitwa, halafu akamwaga na pipa la taka. Kufuta peke yake hakurudishi nafasi, kilichopo kwenye pipa bado kinahesabiwa, na yeye alitaka walimu waendelee usiku ule. Kwa kawaida kitu kikiwa kwenye pipa la Drive kina siku 30 kabla hakijaondoka chenyewe. Hizo 30 ziliondoka kwa kubofya mara moja.

Ndani ya SHULE ZAMANI kulikuwa na vitabu vya alama za mwaka mzima uliopita, madarasa yote, pamoja na tathmini endelevu. Cha kuumiza ni kwamba vitabu vile havikuwa vinachukua nafasi yoyote ya maana, kitabu cha alama cha darasa ni kitu kidogo mno ukilinganisha na video moja ya maabara. Angefuta video tu ingetosha na kubaki.

Hakuna aliyejua kwa wiki kadhaa. Mkeka mpya ukaandikika, wakashukuru, maisha yakaendelea. Mpaka mwanafunzi mmoja anahama, shule anayoenda inataka rekodi zake za mwaka uliopita, sekretari anafungua linki inamwambia faili halipo. Anajaribu ya darasa lingine, halipo. Ndo ikaitishwa kikao.

Maamuzi na sababu zake

Kikaoni Mkuu alikuwa na hasira, wazo lake la kwanza lilikuwa kumwandikia barua Mwalimu B na kumtaka "arudishe mafaili". Madam wa taaluma akamwambia, "Mkuu, huyu tukimtisha sasa hivi atatufungia hata yale yaliyobaki, na ana haki, akaunti ni yake." Hilo likamaliza mjadala. Kwa maoni yangu ndo uamuzi bora kuliko yote yaliyofuata, maana Mwalimu B alishirikiana mpaka mwisho, kuna vitu tulivipata kwa sababu tu alikuwa anapokea simu.

Uamuzi wa pili, kabla ya mtu yeyote kuanza kuandika upya chochote, tutafute nakala kwanza. Kila mtu aangalie kwake. Na zikapatikana sehemu za ajabu. Kompyuta yenye printa haikuwa na intaneti, kwa hiyo sekretari kila akitaka kuchapa alikuwa anapakua kitabu kwenye laptopu yake kisha anakihamisha na flashi, na hakuwahi kufuta kitu. Folda yake ya vipakuliwa ilikuwa na Matokeo, Matokeo (1), Matokeo (2), hadi huko, nyingine zikiwa na jina MPYA, nyingine MPYA KABISA, nyingine MPYA KABISA TUMIA HII. Tukaja kugundua TUMIA HII ni ya zamani kuliko MPYA. Pia PDF za mikeka zilikuwa zimetumwa kwenye grupu la WhatsApp la walimu, na simu za waliokuwa wamezifungua bado zilikuwa nazo. Na kabati la Mkuu lilikuwa na mikeka iliyochapwa na kusainiwa, ya muhula mmoja.

Vilevile mwalimu mmoja wa sayansi akasema mafaili yake yeye mbona anayaona kwa kutafuta jina ila hajui yako folda gani. Hili ni muhimu na wengi hawalijui: kwenye Drive ya kawaida aliyetengeneza faili ndiye mmiliki, hata akilitengenezea ndani ya folda ya mtu mwingine. Folda ikifutwa na mwenye folda, mafaili ya wengine yaliyokuwemo hayafi, yanabaki bila pa kukaa. Ukiandika is:unorganized owner:me kwenye sehemu ya kutafuta, yanajitokeza. Tukawaambia walimu wote wafanye hivyo, tukapata mitihani na notsi nyingi ambazo watu walishazililia.

Halafu likaja swali gumu kuliko la teknolojia: nakala zikipingana, tunaamini ipi? Na zilipingana kweli, mwanafunzi mmoja ana 54 kwenye PDF na 45 kwenye faili la sekretari. Tukakubaliana kwamba daftari la mwalimu wa somo ndo la kwanza kwa sababu ndo alama ilipoandikwa mara ya kwanza kutoka kwenye karatasi ya mtihani, kisha mkeka uliosainiwa, kisha PDF, na mafaili ya sekretari yawe ya mwisho maana hatujui yalipakuliwa katikati ya ujazaji au baada. Kurudisha kukafanyika kwa watu wawili wawili, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anaandika, wakimaliza kolamu wanalinganisha jumla ya chini na jumla ya kwenye nakala. Jumla zikitofautiana wanarudia kolamu nzima, hakuna kutafuta kosa kwa macho. Kazi inachosha ila ilinasa makosa mengi.

Darasa moja somo moja halikupatikana. Mwalimu wake alikuwa ameshaondoka na daftari, PDF ilionyesha jumla tu bila tathmini za katikati. Kuna aliyependekeza "tukadirie kutokana na jumla, nani atajua". Mkuu akakataa, nafasi zikaachwa wazi, akaandika maelezo ya ukurasa mmoja yakawekwa kwenye faili la kila mwanafunzi anayehusika.

Mfumo mpya, na ulivyokosewa mara ya kwanza

Kilichoamuliwa haraka ni kufungua akaunti ya Gmail ya shule, namba ya kurejesha ikawa simu ya ofisi, na barua pepe ya kurejesha ikawa ya Mkuu. Hapo sawa. Kosa likawa kwamba pasiwedi ya hiyo akaunti wakapewa walimu watano ili "wote wawe wenyeji". Kila mmoja anaingia kwa simu yake kutoka kwake, mfumo unaona akaunti moja inafunguliwa kila mahali, unaanza kudai uthibitisho, kodi (namba ya siri ya kuingilia) inatumwa kwenye simu ya ofisi ambayo jioni imezimwa na imefungiwa droo. Yaani alama za jioni zikawa haziingii tena, wakaanza kumkumbuka Mwalimu B.

Wakageuza. Akaunti ya shule inafunguliwa na Madam wa taaluma na sekretari tu, kwenye kompyuta ya ofisi. Yenyewe ndo inayotengeneza mikeka, kwa hiyo yenyewe ndo mmiliki. Kila mwalimu anatumia Gmail yake mwenyewe na anaalikwa kwa jina kuhariri, linki ya kila mtu imefungwa. Walioshindwa kukumbuka pasiwedi zao walikaa na sekretari mpaka wakafunguliwa, na hapo kulikuwa na manung'uniko ya kutosha. Kolamu za majina na fomula zikafungwa zisihaririwe, kila mwalimu anaandika kwenye kolamu ya somo lake peke yake, na ile stafu ya wanyama ikaisha. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani pasiwedi kisha kodi, ukawashwa, zile kodi 10 za akiba ambazo Google inakupa, kila moja inatumika mara moja tu, zikachapwa zikawekwa kwenye bahasha ndani ya kabati la Mkuu.

Kuhamisha vilivyobaki kwa Mwalimu B kulikuwa na mambo yake. Unaweza kumhamishia mtu umiliki wa faili, yeye anapokea mwaliko anaukubali, lakini kuhamisha umiliki wa folda hakuhamishi vilivyomo, inabidi uchague mafaili yenyewe. Njia ya mkato ni akaunti ya shule kutengeneza nakala, ila nakala haiji na historia ya matoleo. Na ukinakili fomu ya Google Forms unapata maswali tu, majibu ya wanafunzi yanabaki kule kule, kwa hiyo majibu yalipakuliwa kwanza kama jedwali.

Majina ya mafaili nayo yakapewa utaratibu: mwaka kwanza, kisha muhula, darasa, halafu ni nini, kwa mfano 2024-M2-K3-mkeka. Yanajipanga yenyewe kwa mfuatano na neno MPYA limepigwa marufuku. Mwisho wa kila muhula kila mkeka unapakuliwa kwa namna mbili, jedwali la Excel ambalo hata LibreOffice inalifungua bila malipo, na PDF. Nakala moja inabaki laptopu ya ofisi, nyingine flashi inayokaa kabatini. Video zimeondolewa kabisa kwenye akaunti ya mikeka.

Kilichofaa na kilichofeli

Zana za bure hazikuwa tatizo hapa na naomba hilo lisipotee. Ule mkeka wa Sheets ulikuwa bora kuliko wa kikokotoo kwa kila kipimo, na historia ya matoleo iliwaokoa mara moja bila gharama. Kilichofeli ni kwamba shule haikumiliki hata faili moja na haikujua. Kuwa na linki kulionekana kama kuwa na kitu chenyewe, hadi kwenye karatasi ya makabidhiano, ambapo waya wa projekta una mstari wake na rekodi za mwaka mzima hazina.

Mwalimu B sioni wa kumlaumu sana, alitumia akaunti yake kwa sababu hakupewa nyingine, na alifuta kwa kuombwa. Lawama yangu mimi naipeleka kwenye ule muhula wa dalili. Walishaona mfumo una mtu mmoja, wakaendelea kwa kuwa unafanya kazi.

Kilichookoa rekodi ni tabia za zamani ambazo watu walikuwa wanazicheka, daftari la alama na sekretari asiyefuta vitu. Lakini nakala za bahati zina bei yake, tulitumia muda mwingi zaidi kubishana ipi ni ya kweli kuliko kuziandika. Nakala moja iliyopakuliwa siku mkeka unapotoka ingemaliza ubishi wote.

Kuna jingine halikuwa sehemu ya kisa ila lilijitokeza tulipokuwa tunakusanya. Mwalimu wa hisabati alikuwa na mbao zake za kufundishia kwenye Jamboard, ubao wa mtandaoni wa Google. Google iliifunga hiyo huduma tarehe 31 Desemba 2024, na ilitangaza mapema, ila yeye matangazo ya barua pepe hasomi. Alizozibadilisha kuwa PDF kwa ajili ya kuchapa anazo, nyingine hawezi tena kuzifungua kama mbao. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo, kwa hiyo hata akaunti ya shule ikisahaulika kwa sababu kaja mtu anayependa zana nyingine, ni hivyo hivyo.

Ilipofikia

Rekodi za mwaka uliopita zipo, ukiacha lile somo moja. Mwanafunzi aliyehama alipata karatasi zake kwa kuchelewa. Karatasi ya makabidhiano sasa ina sehemu ya akaunti na mafaili, na mwalimu wa kwanza kuondoka tangu hapo alikaa na sekretari nusu siku kuhamisha umiliki kabla hajasainiwa.

Ambalo halijaisha ni Google Workspace for Education, yaani huduma hizi hizi za Google zikiwa chini ya shule yenyewe. Toleo lake la msingi ni bure kwa shule zinazokubaliwa, lina GB nyingi za pamoja, na lina folda ambazo mmiliki wake ni taasisi badala ya mtu, yaani kisa chote hiki kisingekuwepo. Ila linataka shule iwe na anwani yake ya wavuti, na hiyo inalipiwa kila mwaka. Mkuu amekubali, mhasibu anauliza itaandikwa kwenye fungu gani, na grupu la WhatsApp bado lina walimu wanaotuma alama kwa picha ya daftari usiku wa manane wakiomba mtu awajazie.